Maji Yaliyong'aa Mashimoni

Kwenye ploti yetu ya Mashimoni, hapa Kibera, Nyamai alijulikana kwa mikono. Ilikuwa nyeusi Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili akienda kanisani ilikuwa ya kijivu. Kazi yake ilikuwa kubumba makaa. Alikusanya vumbi la makaa kutoka kwa wauzaji, akalichanganya na udongo na maji, akafinyanga madonge, akayaanika juani juu ya mabati makuukuu. Donge la Nyamai liliivisha maharagwe na bado likabaki na moto wa chai. Sisi majirani tulimtania kwamba hata akikusalimia, anakuuzia makaa.

Mkewe, Mwongeli, alinukia machungwa. Kila asubuhi alipita mtaa wa Olympic, akavuka barabara ya Ngong, akaenda kwa miguu mpaka Kawangware. Huko alikuwa na kibanda cha juisi alichoachiwa na dada yake aliyerudi Kitui. Alikata machungwa, akayakamua kwa mashine ya mkono, akauza glasi kwa glasi. Maganda aliyarundika nyuma ya kibanda. Mbuzi walikula kidogo. Mengine yalioza, yakaleta nzi.

Walikuwa na binti mmoja, Nzembi, aliyesuka nywele kwenye saluni huko Olympic. Mimi ni jirani yao, na pia ni mwalimu wa darasa la watu wazima. Mwongeli alikuwa mwanafunzi wangu. Alisoma polepole, akifuata maneno kwa kidole, na akifika kwenye nukta alishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Nilimpenda sana. Nasema hivyo mapema, ili usitarajie nikusimulie habari hii kwa upole.

Mwongeli alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto. Ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi. Ulikuwa mgumu, na haukuuma. Kwa kuwa haukuuma, aliuacha. Hakumwambia mumewe. Hakuniambia mimi niliyekaa naye jioni nyingi. Nzembi ndiye aliyeugundua, siku moja alipokuwa akimsugua mama yake mgongo.

"Mathe, hii ni nini?"

"Ni kauvimbe tu. Kataisha."

"Kamekuwa hapo tangu lini?"

"Tangu wakati wa mvua."

"Mathe, hiyo mvua iliisha kitambo. Twende hosi."

"Hosi watanidunga sindano. Kitu kama hii ukiidunga inakasirika, inatawanyika mwili mzima. Shangazi yako alikatwa, na hakumaliza mwaka."

Maneno haya nimeyasikia mara nyingi hapa kwetu, na si ya kweli. Shangazi huyo alikwenda hospitali titi likiwa limeshatoa kidonda. Ugonjwa ulikuwa umeenea kabla ya kisu kumgusa. Lakini watu waliona kisu, kisha wakaona jeneza, wakaviunganisha. Mficha maradhi, kilio humfichua. Tunaisoma methali hiyo darasani kwa sauti moja, halafu tunarudi nyumbani kuficha.

Siku hizo kulikuwa na mwanamke aliyekuja kwenye kibanda cha Kawangware na ndoo. Hakutaka juisi. Alitaka maganda. Jina lake lilikuwa Rachael Khaemba. Alikaa karibu na hapo, Riruta Satellite, na alikuwa mtafiti katika maabara ya chuo kimoja hapa Nairobi. Mwongeli hakujua hayo. Alidhani ni mfugaji.

"Nguruwe wako wanakula machungwa tu?" alimuuliza.

Rachael alicheka. "Sina nguruwe, mama. Haya maganda tunayapika kwa maabara."

"Mnapika ndio mpate nini?"

"Chembe ndogo sana za kaboni. Kaboni ni ile iko kwa makaa. Hizi ni ndogo mpaka macho haiwezi kuziona. Lakini ukizimulika na taa ya zambarau, zinang'aa rangi ya buluu."

"Na ni za kazi gani?"

"Za kuonea seli. Mwili wako umejengwa na seli, vile ukuta umejengwa na mawe. Lakini seli ni ndogo na haina rangi, kwa hivyo ni ngumu kuiona vizuri. Tukiiwekea hizi chembe, inawaka. Hapo tunaiona."

Mwongeli aliacha kukamua. "Hata seli za kansa?"

"Hata hizo."

Hapo simu ya Rachael ikalia. Alihitajika kazini. Alibeba ndoo yake akaondoka, na maneno yaliyobaki akaondoka nayo. Hakujua kuna uvimbe chini ya aproni ya Mwongeli. Hata hivyo mimi husema, mtu mwenye elimu akikupa nusu ya neno amekupa kisu kisicho na mpini.

Jioni hiyo Mwongeli alimwambia mumewe kuhusu uvimbe. Aliweza kumwambia kwa sababu alidhani sasa ana njia ya kuepuka sindano. Nyamai alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Alisema ni kaboni? Ile ya makaa?"

"Alisema hivyo."

"Mama Nzembi, makaa ndio kazi yangu."

Kosa lilizaliwa hapo. Nyamai hakuwa mjinga. Mganga wa barabarani asingempata. Kilichompata ni ujuzi wake mwenyewe. Mtu aliyeshika vumbi la makaa tangu ujana wake, akisikia kuna kaboni ya kuonyesha ugonjwa, ataona kwamba kazi hiyo ilikuwa ikimngoja yeye.

Alikaanga maganda kwenye sufuria mpaka yakawa meusi. Akatia maji, akachemsha. Akachuja kwa kitambaa cheupe ambacho Mwongeli alikuwa amekifua kwa sabuni ya unga. Akajaza chupa ya plastiki, nayo pia ilikuwa imeoshwa kwa sabuni hiyo hiyo, kwa maana Mwongeli hakuvumilia uchafu. Maji yalitoka ya manjano hafifu.

Kilichobaki ni taa. Mwenye ploti yetu ni Sabah, mama wa Kinubi aliyezaliwa hapa hapa Kibera, kama mama yake na nyanya yake. Wapangaji tunamwita Mama Riyadh, kwa jina la mwanawe. Ana duka mbele ya ploti, na dukani ana taa ndogo ya kukagulia noti bandia. Ukiiwasha hutoa mwanga wa zambarau.

"Mama Riyadh, niazime hiyo taa yako," Nyamai alimwambia.

"Kwani umepewa noti feki?"

"Hapana. Kuna kitu nataka kuona."

Walifunga mlango wa duka ili kuwe na giza. Nyamai akaimulika chupa. Maji yakang'aa. Yaling'aa buluu, kama Rachael alivyosema. Sabah alisema "Subhanallah" na kukaa juu ya gunia la mchele. Nyamai alilia. Ni yeye aliyenisimulia haya baadaye, na alipofika hapo hakuweza kunitazama.

Mwongeli alikunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Yalikuwa machungu, yakamvuruga tumbo, lakini akayavumilia. Baada ya siku chache Sabah alifunga tena mlango wa duka, wakiwa wanawake wawili peke yao, akalimulika lile titi.

"Unaona nini?" Mwongeli aliuliza.

"Sidiria ndio inawaka. Ngozi haiwaki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, wallahi. Uko safi, Mama Nzembi."

Walifikiri hivi: seli mbaya zingekuwepo, zingewaka. Hazikuwaka, basi hazipo. Sidiria iliwaka, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mwongeli alitoka dukani akiimba. Aliniambia kwamba amepimwa na hana kitu. Nilidhani amepimwa hospitali, nikamkumbatia.

Habari kama hiyo haikai mahali pamoja. Wanawake wengine wa Mashimoni wakaanza kuja, saa ambazo mimi nilikuwa darasani. Nyamai aliwachujia maji, Sabah akawamulika, na kila mmoja akatoka safi. Sabah hakumtoza mtu kitu. Aliwafanyia kwa moyo mwema, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Yeye mwenyewe alikuwa na kauvimbe karibu na kwapa. Alijimulika mbele ya kioo, akajiona safi.

Nzembi peke yake ndiye aliyekataa.

"Mathe, taa ya noti ni ya noti."

"Wewe unajua nywele. Baba yako ndio anajua makaa."

"Sawa. Lakini hiyo kitu bado iko. Na imekuwa kubwa."

"Inakufa. Kitu ikikufa huvimba kwanza."

Nzembi akarudi saluni. Ni vigumu kumpokonya mama yako furaha, hasa ukiwa huna cha kumpa badala yake ila sindano anayoiogopa.

Miezi ikapita. Uvimbe ukakua. Titi likavutwa upande mmoja, na chuchu ikaingia ndani. Ngozi ikawa na vishimo vidogo vidogo. Mwongeli akakonda. Mgongo ukaanza kumuuma, na akitoka Kawangware ilibidi apumzike njiani. Darasani alilalia meza. Nilimuuliza, akasema ni uchovu wa kusimama. Na bado alikunywa maji yake.

Muda huo wote Rachael alikuwa masomoni nje ya Nairobi. Aliporudi kwenye kibanda na ndoo yake, Mwongeli alimshika mikono yote miwili.

"Daktari, Mungu akubariki. Ile dawa yenu imenisaidia."

"Mimi si daktari, mama. Dawa gani?"

"Ile ya maganda. Mzee wangu aliitengeneza nyumbani, nikakunywa. Tukamulika, tukaona sina kansa."

Rachael aliweka ndoo chini. "Kwa nini mlikuwa mnatafuta kansa, mama? Uko na nini?"

Mwongeli alimpeleka nyuma ya kibanda, kwenye rundo la maganda, akafungua blauzi. Rachael alitazama. Aliinama akaiangalia ngozi kwa karibu.

"Hii ngozi imekuwa hivi tangu lini?"

"Kitambo kidogo." Mwongeli aliokota ganda la chungwa, akaligeuzageuza mkononi. "Inafanana na hii, sivyo? Nilidhani ni kwa sababu nakunywa maji yake."

Ninakuomba wewe unayesoma usipite haraka hapa. Ngozi ya titi ikiwa na vishimo kama ganda la chungwa, hiyo ni dalili. Chuchu ikiingia ndani, ni dalili. Uvimbe mgumu ni dalili, hata usipouma. Mwongeli alishika maganda kila siku ya kazi, na hakuna aliyekuwa amemwambia hayo.

Rachael aliomba waende Kibera pamoja siku hiyo hiyo. Walikutana dukani kwa Sabah: Mwongeli, Nyamai, Sabah na yeye. Nami niliitwa. Nzembi alifika kutoka saluni, akasimama mlangoni.

"Baba Nzembi, naomba unionyeshe hayo maji," Rachael alisema.

Nyamai alileta chupa. Walifunga mlango, wakamulika. Maji yaling'aa buluu. Nyamai alimtazama Rachael kama mwanafunzi anayengoja kusifiwa.

"Sasa Mama Riyadh, nipe maji safi kwa glasi. Na sabuni ya unga kidogo, ile ya kufua."

Sabah alileta. Rachael alitia sabuni, akakoroga, akamulika. Maji ya sabuni yaling'aa kuliko chupa ya Nyamai.

Nyamai aliinua chupa yake, akailinganisha na glasi.

"Sabuni ya kufua imetiwa kitu cha kufanya nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi," Rachael alieleza. "Hicho kitu hung'aa kwa hii taa. Karatasi nyeupe pia hung'aa. Hata sidiria. Ulichuja na nini, Baba Nzembi?"

"Na kitambaa."

"Nilikifua mimi," Mwongeli alisema polepole. "Na chupa niliiosha mimi."

Nyamai alishika ukingo wa meza. "Na yenu je? Si ni maganda tu, kama yangu?"

"Ni maganda tu, na maji tu. Lakini sisi tunayafungia kwa chombo cha chuma, kimekazwa mpaka mvuke hautoki. Tunakiweka kwa joto kali saa nyingi. Sufuria ya wazi haiwezi kufanya hiyo kazi. Halafu tunachuja mara nyingi na kupima tulichopata. Na hata hizo zetu hakuna mtu amewahi kukunywa. Tunaziwekea seli zilizo kwa sahani, nje ya mwili. Bado tunatafiti. Si dawa. Hata si kipimo cha hospitali."

"Lakini tulimmulika vizuri," Sabah alisema. "Na wengine wote. Hakuna mahali paliwaka."

"Mama, huu mwanga hauingii ndani ya nyama. Unaishia kwa ngozi. Ni kama kumulika mlango umefungwa, halafu useme hakuna watu ndani."

Sabah alizima taa. Mkono wake ulikwenda karibu na kwapa, ukabaki hapo.

"Kwa hivyo ni mimi nimemchelewesha," Nyamai alisema.

"Hata mimi sikumaliza maneno yangu siku ile," Rachael alisema. "Kesho asubuhi twende hospitali. Kuna mashine ya kupiga picha ya titi. Halafu watachukua kinyama kidogo kwa sindano, kipimwe. Hiyo ndiyo njia ya kujua."

"Na sindano haitaikasirisha?" Mwongeli aliuliza.

"Sindano haienezi kansa, mama. Ni muda ndio unaieneza."

Nzembi alisikia yote. Kitana bado kilikuwa mkononi mwake. Alikuwa na haki ya kusema kwamba aliwaambia. Hakusema. Alikwenda akakaa karibu na mama yake, akamwekea kichwa begani.

Walikwenda. Mwongeli alipigwa picha, akachukuliwa kinyama. "Mwalimu, ile sindano iliuma kidogo tu," aliniambia aliporudi. "Kumbe niliogopa kitu kidogo hivyo." Alicheka, kisha akalia, nami nikalia naye.

Majibu yalipotoka, Nyamai na Nzembi walikuwa naye. Ilikuwa saratani ya titi. Ilikuwa imefika kwenye mapafu na mifupa ya mgongo. Daktari alisema atampa dawa za kuipunguza kasi na za kutuliza maumivu. Kuiondoa yote hakungewezekana tena.

"Na ningekuja ikiwa kama punje ya mahindi?" Mwongeli aliuliza.

Daktari alikuwa kijana na hakujua kudanganya. "Tungeutoa huo uvimbe, mama. Wengi wanaokuja mapema hivyo hupona."

Nzembi anasema walitoka hospitali mpaka nyumbani akiwa amemshika mama yake mkono.

Dawa zilimpa Mwongeli muda kidogo, zikamnyang'anya nywele. Nzembi, aliyewasuka watu wa Olympic nzima, alikuwa akimfunga mama yake kitambaa kila asubuhi na kukirekebisha mpaka kikae vizuri. Nyamai aliacha kubumba. Vumbi la makaa lilirundikana mlangoni, na upepo ukalipeleka kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Hakuna aliyemlalamikia.

Siku moja Mwongeli alimwambia Rachael, "Nataka kuona maganda yangu yalienda wapi."

Rachael aliomba ruhusa kazini. Tulikwenda Mwongeli, Nyamai na mimi niliyemshika mkono. Maabara ilikuwa chumba cha kawaida chenye meza ndefu. Rachael alimwonyesha kile chombo cha chuma. Kilikuwa kidogo, cha kutosha mkononi, na kifuniko chake kilikazwa kama boliti. Alimwonyesha tanuri linalokipasha joto. Alimwonyesha kichupa chenye maji ya rangi ya chai nyepesi. Akazima taa za chumba, akawasha ile ya zambarau, na maji yale yakawa buluu.

"Hii haina sabuni?" Nyamai aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza siku hiyo.

"Haina. Kila chombo tunakisuuza na maji safi mara nyingi. Na tunaweka kando maji matupu, tunayamulika pia, kuhakikisha si chupa ndio inatudanganya."

"Na kwa nini maganda? Si kuna vitu vingine?"

"Viko. Kuna chembe zingine za kung'aa hutengenezwa na madini yenye sumu, na seli inaweza kufa kwa hiyo sumu. Kaboni pia wengine huipika na asidi kali. Sasa hiyo asidi ikimwagwa, unajua inaenda wapi."

"Mtoni," Nyamai alisema. Sisi wa Mashimoni hatuhitaji kuelezwa. Kila kinachomwagwa juu huteremka kikapita chini ya nyumba zetu.

"Ndio maana tunatumia takataka za kibanda na maji. Hakuna asidi, hakuna madini ya sumu. Tukitafuta dawa ya mtu mmoja, tusimtilie mwingine sumu kwa maji."

Kisha alimkalisha Mwongeli mbele ya hadubini, chombo cha kukuza vitu vidogo. Mwongeli aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Ni nzuri," alisema. "Zinawaka kama madirisha ya watu. Hizi ndizo za kansa?"

"Ndizo. Kansa ya titi."

"Za nani?"

"Za mama mmoja aliyekufa zamani. Seli zake bado zinakuzwa kwa maabara, watafiti wazitumie."

"Anaitwa nani?"

"Sijui, mama. Kwa chupa kumeandikwa namba tu."

Mwongeli hakuondoa jicho. "Kwa hivyo ameonekana vizuri akiwa ameshakufa."

Rachael alivuta kiti akakaa karibu naye. "Tunatafuta njia ya kumwona mtu akiwa hai, mapema," alisema. "Hatujafika."

"Basi fanyeni haraka," Mwongeli alisema.

Nyamai hakukubali kutazama. Alisimama karibu na tanuri, mikono mifukoni, mpaka tukaondoka.

Mwongeli alifariki kabla ya mvua ndefu. Tulimsindikiza Kitui, akazikwa kwa wakwe zake. Nilirudi darasani na sikuweza kufundisha. Niliwaambia wanafunzi wasome kimya, nami nikatazama nje.

Sabah alikwenda kliniki wiki ile ile ya glasi ya sabuni. Kauvimbe kake kalipimwa. Kalikuwa saratani, lakini ilikuwa bado changa. Alifanyiwa upasuaji, akatibiwa, na leo yuko dukani kwake akigombana na wapangaji. Kabla hata hajapona vizuri alipita mlango kwa mlango kwa kila mwanamke aliyemmulika. Alisema maneno yale yale kila mahali: "Nilikudanganya bila kujua. Ile taa ni ya noti. Twende ukapimwe." Wengine walimtukana. Wengi walikwenda. Muuguzi wa kliniki sasa huja kwenye ploti yetu kuwafundisha wanawake kujipapasa matiti kwa vidole kila mwezi, na kwenda kupimwa wakigusa kitu kigeni, kiume kisiume.

Nzembi ndiye mwenye kibanda cha Kawangware sasa. Rachael bado huja na ndoo. Mtu akimuuliza maganda ni ya nini, huzima simu kwanza, kisha hueleza mpaka mwisho, pamoja na yale ambayo hawajayajua.

Watu huniuliza kama habari hii iliisha vizuri. Sabah yuko hai. Mwongeli hayuko. Mimi sijui kujumlisha mambo ya namna hiyo.

Nyamai alirudi kubumba makaa, maana lazima mtu ale. Juzi nilikuwa nimeketi mlangoni pangu nilipomwona mwanamke akiingia kwenye ploti na chupa tupu mkononi. Alikuwa ametoka Kawangware. Alisimama mbele ya Nyamai pale kwenye mabati.

"Sasa, mzee. Wewe ndio wa yale maji?"

"Maji gani?"

"Ya maganda. Nimesikia yanaonyesha ugonjwa. Bado yanang'aa?"

Nyamai aliweka donge chini. "Yanang'aa," alisema. "Hata maji ya kufua yanang'aa. Uko na uvimbe?"

Mwanamke alitazama chupa yake. "Kadogo tu. Na hakaumi."

Nyamai alisimama. Hakunawa mikono wala hakufunga mlango. Alichukua chupa ya yule mwanamke, akaiweka juu ya mabati katikati ya makaa.

"Basi twende sasa," alimwambia. "Twende kakiwa bado kadogo."